Raba ya mazoezi ya kila siku: niloyaona kwenye vilima vya Chake na meza za mtumba

Mtu akishajua tu kama nnakimbia asubuhi swali lake la kwanza ni lile lile, dada eti raba gani nzuri, na anataka nimtajie jina la kampuni tumalize. Mie simtajii. Nnamuuliza unakimbilia wapi, wiki mara ngapi, na hebu vua hicho kiatu niuone mguu. Wengine wanadhani nnawazungusha lakini wallahi sina jibu jengine, maana nshaona raba ya jina kubwa ikimtoa mtu kucha, na nshaona raba ambayo jina lake sijalisoma popote ikambeba mtu miezi na miezi bila ya kuumwa hata kidole.

Mie nakaa Chake Chake, Pemba, na mazoezi nimeanza mwaka 2018 na akina mama wa mtaani kwetu, tunatoka ikishaswaliwa alfajiri kabla jua halijapanda. Asojua Pemba anadhani ni kama Unguja. Unguja mjini njia kwa sehemu kubwa imelala, unaweza ukakimbia Maisara pale mpaka ukachoka usiuone mlima. Huku kwetu ni vilima na mabonde, ukitoka mlangoni ama unapanda ama unateremka, ukielekea Wesha baharini utateremka na kurudi utapanda, na mvua ikinyesha ule udongo mwekundu unashika chini ya kiatu mpaka mguu unakuwa mzito. Kwa hiyo ntakayosema hapa ni ya mtu anokimbia kwenye kisiwa cha namna hiyo, lami ya kupanda na kushuka, udongo, unyevu mwaka mzima, na viatu ambavyo vingi vinakuja kwa belo.

Kwenye kuteremka ndo kiatu kinajulikana. Ukikimbia kila hatua unatua kwa nguvu ya mara mbili mpaka tatu ya uzito wako, na ukiwa unashuka mguu unasukumwa mbele ndani ya kiatu, sasa kidole kikiwa kishafika ukingoni kinagonga na kinagonga tena, hatua mia na sitini na zaidi kwa dakika. Wifi yangu alikuwa na kawaida ya kununua kiatu kinachombana akisema kitaachia mbele kwa mbele. Ngozi inaachia kweli, viatu vya ngozi vya wazee wetu vilikuwa hivo, lakini raba za sasa juu yake ni kitambaa cha nailoni na vipande vya plastiki vilobandikwa, kinachobana leo kitabana mpaka siku kinachanika. Kucha za vidole gumba vyote viwili zikawa nyeusi, moja ikatoka, akasema basi mazoezi si yake. Tukamtafutia raba namba moja zaidi, ile ile aina, na nkamfunga kamba kwa kupitia lile tundu la mwisho la juu ambalo watu wengi hawalitumii, kila upande unafanya kitanzi kidogo halafu kamba ya upande wa pili inapita ndani yake ndo unakaza. Kisigino kinakaa nyuma, vidole havisogei mbele. Bado anakimbia mpaka leo na kucha zake zimerudi.

Nafasi ninayoitaka mie mbele ya vidole ni upana wa kidole gumba cha mkono, na unapima kwa kile kidole kirefu zaidi, si lazima kiwe gumba, wengi wetu cha pili ndo kirefu. Unapima ukiwa umesimama uzito wote chini, si umekaa kwenye kigoda. Na nenda laasiri, mguu wa asubuhi si mguu wa laasiri, ukishasimama kutwa na joto hili unavimba, na ukikimbia pia unavimba, kwa hiyo kiatu kilokutosha barabara saa mbili asubuhi kitakuadhibu.

Namba nazo zinadanganya. 40 ya kampuni moja si 40 ya kampuni nyengine, na namba za Marekani za wanawake na za wanaume hazilingani kabisa, 8 ya kike ni kama 6 na nusu ya kiume. Angalia ile karatasi ndogo ndani ya ulimi wa kiatu, kwenye nyingi kuna herufi CM au JP, hiyo ni sentimita na ndo ya kuifuata. Yangu mie ni 25 na nusu. Ndugu yangu akiwa Unguja kapita Darajani ananipigia picha ya kiatu kizuri rangi yake inameta, mie namwambia rangi nimeiona, nipigie karatasi ya ulimi na nipigie soli chini.

Halafu kuna hili la upana ambalo kwetu ni kubwa kuliko urefu. Sie tumekulia ndara na pekupeku, utoto wote mguu haujawahi kufungwa isipokuwa skuli, na mguu ulokua hivo vidole vyake vinatawanyika, mbele unakuwa mpana. Raba nyingi zimetengenezwa zikielekea kuchongoka mbele, na za kike ndo zimebanwa zaidi, kipimo chao cha kawaida ni chembamba kuliko cha kiume. Mwanamke wa Pemba anapewa raba ya pinki kwa sababu ni ya kike, kidole kidogo kinatokeza pembeni kama kinataka kutoka. Nshawavalisha akina mama wengi raba za kiume na wakafurahi, mwanzo wanaona haya, ati rangi ya kiume, wakikimbia mara moja hawasemi tena. Njia yangu ya kujua ni hii: simama juu ya karatasi, mtu mwengine akuzungushie kalamu mguu mzima, kalamu iwe wima. Ikate. Sokoni utoe ile soli ya ndani ya kiatu, zinatoka nyingi, uiweke juu ya karatasi yako. Karatasi ikitokeza pembeni mwa soli basi mguu wako nao utatokeza, huna haja hata ya kukijaribu.

Sasa mtumba. Mie sioni aibu kuusema mtumba, raba mpya ya asili ni laki mbili na nusu na kupanda, wangapi wanayo hiyo ya kuikimbilia matopeni. Kwenye mtumba kuna raba za maana sana, lakini meza ile inataka macho na mikono.

Kwanza sponji. Baina ya kitambaa cha juu na mpira wa chini kuna ile sponji nene, ndo roho ya raba, na kwenye nyingi ni plastiki inayoitwa EVA ilojaa vipovu vidogo vya hewa. Kila ukikanyaga vipovu vinabonyea na kurudi, mpaka vinachoka vinabaki vimebonyea. Ukiangalia ubavuni utaona mikunjo ya mlalo, mingi na imeingia ndani, hiyo ishakufa hata kama juu inang'ara na imeoshwa kwa sabuni ya unga. Bonyeza kwa kidole gumba kisiginoni na pale mbele unyayo unapokutana na vidole: ikirudi iko hai, ikiwa ngumu kama mbao iache. Halafu iweke juu ya meza iangalie kwa nyuma usawa wa macho, ikiwa imelalia ndani au nje basi mwenyewe wa mwanzo alikuwa anakanyaga hivo na itakulaza na wewe, na ukipata maumivu ya goti utatafuta sababu kila mahali usiijue.

La pili ni ambalo watu wa visiwani linawapata zaidi na hawaelewi limetoka wapi. Kuna raba, za zamani kidogo khasa, na mabuti mengi, sponji yake si EVA ni poliyurethani, wenyewe wanaandika PU. Hiyo PU ina ugonjwa na maji, si lazima uilowanishe, unyevu wa hewa tu taratibu unaivunja ndani kwa ndani hata ikiwa imekaa kabatini haijavaliwa. Unainunua ni nzima, nzito, inaonesha imara, unakimbia siku ya pili ya tatu njiani unaona soli inadondoka vipande kama biskuti ilolowa chai. Mwanakikundi mwenzetu yalimpata hayo katikati ya njia akarudi kwao na ndara za kuazima, akarudi kwa muuzaji wakagombana sana, na kwa kweli yule kijana muuzaji naye hakujua. Kwa hiyo kiangalie umri. Kampuni nyingi zinaandika tarehe ya kutengenezwa kwenye ile ile karatasi ya ulimi, mwezi na mwaka. Kiatu cha miaka kumi mie sikinunui hata kama hakijakanyaga chini. Na kwaruza kidogo kwa ukucha ile sponji, ikitoa unga au ikinata, rudisha mezani.

La tatu gundi. Kontena linakaa kwenye joto, gundi inaachia, muuzaji anabandika upya ili apate kuuza. Si kosa kubandika lakini utaijua kwa harufu kali na mstari wa gundi unaopita nje ya mshono. Shika pua ya kiatu na kisigino ukikunje: kiatu kizuri kinakunjika pale vidole vinapoanzia, palepale mguu wenyewe unapokunjika. Kikikunjika katikati kama karatasi hakina nguvu, kikikataa kukunjika kabisa ndo kitakupa maumivu ya unyayo. Wakati unakunja utaona kama soli inafumuka pembeni.

Siku moja nlikuwa nachagua hivo, kijana wa mezani akanambia, "Mama, hebu chukua hiyo ya kushoto, ni ya jina hiyo, utajuta." Nkamwambia, "Baba, jina halinibebi mimi, nipatie hiyo ya kulia nikunje." Akanipa, kiungwana tu, na siku hizi akifungua belo ananiwekea pembeni zile anozijua ntazitaka.

Za mpya za bandia ambazo zimejaa madukani sitasema mengi. Nembo ni ile ile, boksi ni lile lile, sponji ni ngumu na kisigino laini, ukibana ile sehemu ya nyuma inayoshika kisigino inajikunja yote. Kwa kutembea zinafaa. Kwa kukimbia kila siku mie naona mtumba mzuri ni bora mara kumi.

Kuna jambo la nyayo bapa. Mwenzetu mmoja aliambiwa dukani kwamba yeye unyayo wake umelala, lazima raba maalumu yenye kizuizi upande wa ndani, na bei yake ilikuwa ya kutisha. Alikuja kwangu kavunjika moyo. Mie nimelisoma hili kwa sababu hata mie unyayo wangu umelala. Jeshi la Marekani walifanya utafiti ulochapishwa mwaka 2009, askari wapya kundi moja wakapewa raba kwa kufuata umbo la unyayo, kundi jengine wakapewa aina moja tu bila ya kutazama unyayo, wakafanyishwa mazoezi yao, na walioumia hawakupungua kwa lile kundi la kwanza. Mtaalamu Benno Nigg wa Canada na wenzake mwaka 2015 wakaandika kwamba kilicho bora kukifuata ni raha, yaani kiatu ambacho mguu unakiona kina raha wakati unakimbia, mwili wenyewe unachagua. Mie nnaliamini hili kwa miguu yangu. Kwa hiyo nlimwambia yule bibie avae jozi tatu nne, kila moja akimbie nayo pale pale sokoni kwenda na kurudi, asiangalie kioo, afunge macho kidogo. Alichagua ya bei ya kati isokuwa na kizuizi chochote. Hapo sisemi mtu mwenye maumivu ya siku nyingi asende hospitali, aende, kiatu si dawa.

Vijana nao wana lao. Alphonce Simbu alipochukua dhahabu ya marathoni Tokyo, Septemba 2025, saa 2:09:48, yeye na Mjerumani Amanal Petros muda mmoja mpaka picha ndo ikaamua, jamani furaha ilikuwa si ndogo huku, Mtanzania bingwa wa dunia! Basi wiki ile kila kijana anataka raba kama za wale wa kwenye tivi, zile nene zenye bamba la kaboni ndani. Zile ni za mashindano. Ni nyepesi, zinarusha, na sheria ya riadha ya dunia imeziwekea kikomo soli isizidi milimita 40 kwa mbio za barabarani, lakini sponji yake laini inakufa haraka, chini mpira ni mwembamba, na kwenye njia zetu za kokoto na kuteremka kwa kona zile urefu wake unaweza kukugeuza kifundo cha mguu. Hata hao mabingwa mazoezi yao mengi wanafanyia raba za kawaida. Kijana wetu mmoja nlimsihi sana, nkamwambia mwanangu nunua ya kawaida yenye mpira mnene kisiginoni, hizo pesa zilobaki nunua jozi ya pili.

Na hapo kwenye jozi ya pili ndo nnataka nikae kidogo, maana naona ndo kitu ambacho watu wa huku tunakihitaji kuliko wa bara. Watafiti wa Luxembourg mwaka 2015 waliwafuata wakimbiaji 264 kwa wiki 22, walokuwa wakibadilisha jozi zaidi ya moja hatari yao ya kuumia ilikuwa chini kwa asilimia 39. Kila kiatu kinaubeba mguu kwa namna yake kidogo, mzigo haurudii pale pale kila siku. Hiyo ni faida moja. Kwetu kuna ya pili: kiatu cha Pemba hakikauki. Masika hii, kuanzia Machi mpaka Mei, ukikimbia asubuhi kikalowa jasho na umande na mvua, kesho yake alfajiri bado kina unyevu, unaingiza mguu ndani ya maji maji, ngozi inalainika, malengelenge yanatoka, na kiatu kinaanza kunuka na nyuzi kuoza. Jozi mbili za elfu 40 za mtumba zinazopokezana zitadumu kuliko moja ya elfu 80 ilovaliwa kila siku, hilo nnalisema kwa uhakika.

Kukausha kwenyewe kuna adabu yake. Toa soli ya ndani, legeza kamba mpaka mdomo wa kiatu ufunguke, jaza magazeti makavu, baada ya saa mbili tatu yabadilishe, weka kivulini penye upepo. Usianike juu ya bati. Najua wote tunaanika juu ya bati, jua kali, inakauka upesi, lakini joto lile ndo linaachisha gundi na kuifanya sponji iwe ngumu. Ukikimbia pwani, sisi tunakwenda Vitongoji maji yakiwa yamekupwa mchanga umeshika, ukirudi suuza kwa maji baridi ya bomba, chumvi ikikaukia kwenye kitambaa inakuwa kama msasa na inakula nyuzi. Hapo pwani angalia pia yale majabali ya matumbawe, yanakata mpira wa chini, mwembamba hauhimili.

Soksi nitaipitia haraka: si ya pamba, pamba inanyonya jasho na kulikalia. Ile ya nailoni ya kuteleza teleza, hata ya wachezaji mpira, ni bora.

Kiatu kinaisha lini? Wanosema kilomita 500 mpaka 800 wana haki, mtu mzito na njia mbaya karibu na 500. Fanya hesabu, kilomita 5 kwa siku tano za wiki ni 25, baada ya wiki 24 ushafika 600, yaani miezi mitano na kitu. Kwa mtumba toa tena, maana mwenyewe wa kwanza kala sehemu yake. Mie nnaandika kwa kalamu ndani ya ulimi mwezi nloanza kukivaa. Na nnasikiliza ugoko na magoti, nikiona yanauma pande zote mbili asubuhi bila ya kubadilisha chochote nnachofanya, najua sponji imekwenda. Kiatu cha mguu mmoja kikichakaa kuliko cha mwengine angalia njia yako kwanza. Msimu wa karafuu watu wanaanika kwenye majamvi ukingoni mwa barabara, ndo riziki ya mwaka, sie tunahamia upande ulobaki na lami imeinuliwa katikati imelalia pembeni, ukikimbia upande mmoja miezi mguu mmoja unakuwa chini siku zote. Tukiona hivo tunakwenda kwa upande huu na tunarudi kwa ule ule, ili mguu ulokuwa chini uwe juu.

Ami yangu ni fundi viatu, na nimejifunza kwake cha kumpelekea na cha kutompelekea. Kitambaa kilochanika kwenye kidole, kisigino cha ndani kilotoboka, pua ilofumuka, hayo anashona vizuri na kiatu kinarudi kazini. Lakini mtu akimletea kiatu ashone soli kuzunguka yote kwa uzi mnene anamuuliza kwanza, mwanangu unakimbilia au unaendea kazini? Uzi ule unaibana sponji, kiatu kinadumu miaka lakini hakinesi tena. Kwa kwenda sokoni na shamba ni kizuri mno. Sponji ilokufa hakuna fundi wa kuifufua.

Wiki ijayo belo linafunguliwa na kuna akina mama wapya kwenye kikundi wamenambia nifuatane nao. Nimewambia waje baada ya laasiri, kila mmoja na soksi zake na karatasi ya mguu ishakatwa nyumbani, na asomaliza kuchagua mpaka magharibi tutarudi kesho yake.